Je, wajua kwa nini Waingereza hawasemi 'she cans'?

Nilipokuwa nikifundisha twisheni, mtoto wa darasa la sita aliniuliza swali: kama 'she sings' ina s, mbona 'she can' haina? Nilimjibu bila kusita kwamba s ilikuwepo zamani, ikadondoka kwa sababu maneno kama 'can', 'may' na 'must' hutamkwa upesi na kila mara. Nililiamini jibu hilo kwa miaka, na lilikuwa kosa.

Lina sura ya ukweli, ndiyo maana linanasa. Maneno yanayotumika sana huchakaa kweli, kama kizingiti kinachokanyagwa kutwa nzima. Lakini fungua Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, ile ya King James. Humo kitenzi cha nafsi ya tatu umoja hubeba '-eth' pale ambapo leo pana '-s'. Zaburi ya 23 inasema 'he maketh me to lie down'. Sasa nenda Mathayo 6:24: 'No man can serve two masters'. Hakuna 'canneth'. Rudi nyuma zaidi, kabla ya mwaka 1100, kwenye kile kinachoitwa Kiingereza cha Kale, na utaikuta 'can' vilevile, haina kiambishi mwishoni huku vitenzi vya kawaida vinavyo. Hiyo s yenyewe ni mgeni: ilitoka katika lahaja za kaskazini mwa Uingereza, ikashika London karne ya 16 na ya 17. Ilipofika, ilichukua nafasi ya '-eth'. Kwenye 'can' haikukuta nafasi ya kuchukua. Kitu ambacho hakikuwahi kuwepo hakiwezi kudondoka.

Ukitaka shahidi wa pili, waulize Wajerumani, ambao lugha yao na Kiingereza zina bibi mmoja. Husema 'er singt', anaimba, kwa t mwishoni, lakini 'er kann', anaweza, bila t. Ndugu wawili wakiwa na alama ileile, huenda waliirithi.

Walirithi nini hasa? Tazama 'she sings' na 'she sang'. S imo katika wakati uliopo, na katika wakati uliopita haimo. Hakuna aliyewahi kufundishwa 'she sangs'. Sasa weka 'she began' kando ya 'she can'. Vina vyake vinalingana, na hilo halikuja kwa bahati: 'begin' na 'can' vilikuwa katika kundi moja la vitenzi vilivyobadili irabu ili kuonyesha wakati uliopita. Kwa umbo lake, basi, 'can' ni wakati uliopita. Haina s kwa sababu ileile 'began' haina s.

Wakati uliopita unawezaje kumaanisha sasa? Hapa msomaji wa Kiswahili ana bahati, maana jambo hili tunalifanya kila siku. Mtu akiuliza 'Baba yuko wapi?' ukajibu 'Amelala', unazungumzia sasa hivi, huyo pale kitandani. Lakini kiambishi '-me-' kinataja tendo lililokwisha: aliingia usingizini. Ndivyo ilivyo kwa amesimama, amevaa kanzu, nimechoka, nimeshiba. Tendo limepita, hali iliyoachwa na tendo ndiyo tunayoishi nayo. Mwingereza analazimika kusema 'he is wearing' kwa kitu ambacho sisi tunakitaja kwa '-me-'.

Sasa fikiria watoto wa vizazi vingi vijavyo wakilisikia 'amelala' bila kukumbuka tena kwamba '-me-' ilikuwa na kazi yake. Kwao litakuwa neno la sasa tu, lenye umbo la ajabu. Hayo ndiyo yaliyoipata 'can'. Maana yake ya zamani ilikuwa kujua: nimekwisha kufahamu, kwa hiyo najua, kwa hiyo naweza. Nasi tukisema 'Asha anajua kuogelea', tumeshaipita nusu ya njia hiyo.

Umbo la zamani likishageuka kuwa la sasa, lugha inabaki bila la zamani. Sisi hurundika juu yake: 'alikuwa amelala'. Waingereza wao waliunda jipya kwa kuongeza d au t: 'could', 'might', 'should'. Ile l ya 'could' haikuwemo kabisa. Iliingizwa kwenye maandishi ili neno lifanane na 'would' na 'should'.

Anayenivutia kuliko wote ni 'must'. Kitenzi chake cha kale, 'mot', kilikuwa umbo lililopita lililogeuka kuwa la sasa. Kikaundiwa umbo jipya la zamani, 'moste'. Kisha hilo nalo likageuka kuwa la sasa, ndiyo 'must' ya leo. Limepita njia moja mara mbili, na mara ya pili halikuundiwa jingine. Ndiyo maana mwanafunzi akiandika 'yesterday I must go' anasahihishwa, anapewa 'had to', maneno ya kuazima kutoka kwa kitenzi kingine.

Nisilitanue jibu hili kupita kiasi. 'Will' haina s, lakini asili yake ni umbo la kutaka na kuomba, karibu na 'aende' yetu kuliko 'amelala'. Kuhusu kosa letu maarufu la 'he can to go', lina historia nyingine: zamani kitenzi cha Kiingereza kilijitosheleza bila 'to', na kundi hili lilishika desturi hiyo kabla 'to' haijaenea kwingine. 'Ought', iliyokuwa umbo lililopita la kitenzi kilichozaa 'owe', ndiyo pekee iliyokubali 'to' moja kwa moja.

Na mipaka ya kundi haijafungwa. 'Need' kilikuwa kitenzi cha kawaida, kikaingia kwa mlango wa ukanushi na maswali, hata Mwingereza akasema 'he need not go' bila s. 'Dare', mwenyeji wa tangu Kiingereza cha Kale, anaelekea upande wa pili: 'he dare not' bado ipo, lakini kando yake wengi sasa husema 'he dares', na s yake mwishoni.