Pindo la Gitaa: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Mteja anayeingia karakanani kwangu hapa Kisumu kwa kawaida hupokea gitaa kwa mikono miwili, hupitisha kidole ukingoni, mahali uso unapokutana na ubavu, kisha huuliza kama ule mstari mweusi ni rangi. Si rangi. Ni ukanda wa mbao wenye unene wa karibu milimita 2 na kimo cha karibu milimita 6, uliokunjwa kwa moto ukafuata umbo zima la gitaa, kisha ukalazwa katika mfereji uliochimbwa ukingoni. Mafundi wengine huuita baindingi. Mimi huuita pindo, kwa sababu unafanya kwenye gitaa kazi ambayo pindo hufanya kwenye kanga: unauzunguka mji wote na kuukamilisha. Mistari myembamba iliyo upande wa ndani wa pindo, mara nyingi myeusi na myeupe ikipishana, nitaiita michirizi. Kuhusu kazi hii kumezagaa dhana nyingi, na baadhi yake zimewaharibia mafundi chipukizi magitaa ambayo yangekuwa mazuri sana.

"Pindo ni urembo tu"

Ni kweli kwamba gitaa lisilo na pindo hulia, na yapo mengi ya bei nafuu yaliyopakwa mstari wa rangi mahali pake. Lakini utazame ukingo wenyewe. Uso wa gitaa ni ubao mwororo wa sprusi, au wa sipresi kwa sisi tunaotumia mbao za huku, wenye unene wa milimita 2.5 hadi 3 hivi, na nyuzi za ubao huo hukimbia kutoka upande wa shingo hadi mkiani. Katika ncha hizo mbili nyuzi zimekatwa zikabaki wazi kama mirija, na ni kupitia hapo unyevu huingia na kutoka upesi kuliko mahali pengine popote pa ubao. Ukingo huohuo ndio unaogonga mlango wa matatu, benchi la kanisani na pembe ya meza. Pindo la mbao ngumu huziba ncha za nyuzi, hupokea kishindo kwa niaba ya ubao mwororo, na hufunika mstari wa gundi unaounganisha uso na ubavu. Seremala wa soko la Kibuye hapa Kisumu anayebandika ukanda wa mbao ngumu kwenye ukingo wa meza ya blokbodi anaijua sababu hii barabara, ingawa huenda hajawahi kushika gitaa.

Wapo, hata hivyo, wanaoivuta hoja hii kupita kiasi na kudai kwamba gitaa lenye pindo halipasuki. Dhana hiyo niliiamini, na ilinigharimu. Nililifunga sanduku la gitaa, yaani mwili wake wenye uwazi ndani, mwezi wa Aprili, katikati ya masika, mbao zikiwa zimevimba kwa unyevu. Gitaa likanunuliwa na kupelekwa Nakuru, ambako ni juu kuliko Kisumu kwa karibu mita 700, na ilipofika Januari, katika hewa kavu, uso ulipasuka chini ya daraja, kile kipande cha usoni kinachoshika nyuzi za kupigia, ilhali pindo lilikuwa zima kabisa. Ubao husinyaa kwa upana, kukingama nyuzi zake, na hakuna ukanda wa milimita 2 unaoweza kuuzuia. Aidha, unyevu hupita katika eneo lote la uso, hasa upande wa ndani ambao haupakwi vanishi. Kinachosaidia ni kukausha mbao na kuzigundisha wakati kipimaunyevu kinaonyesha kati ya asilimia 40 na 50; kwa hapa kwetu kando ya ziwa, mimi huzihifadhi katika kabati linalopashwa joto kwa balbu.

"Kazi yote iko kwenye ukanda"

Hii ndiyo dhana inayoharibu magitaa mengi zaidi. Katika siku tatu za kazi ya pindo, siku mbili zangu huishia kwenye mfereji. Mfereji huo una vidato viwili: cha nje, kinachoshuka chini zaidi, ni cha pindo, cha ndani, chenye kina kifupi, ni cha michirizi. Ubavu wa gitaa una unene wa milimita 2 hadi 2.5, kwa hiyo pindo la milimita 2 linakaribia kuumaliza ubavu wote mahali hapo. Kinachobaki kuushika uso ni bitana, yaani ule ukanda wa mbao uliogundishwa ndani ya ubavu kulizunguka sanduku lote. Ubavu ukiwa na milimita 2 na bitana milimita 6, jumla ya mbao ukingoni ni milimita 8. Pindo likichukua 2 na michirizi 1.5, zinabaki 4.5 ambako uso ungali na unene wake kamili juu ya bitana, na hizo zinatosha. Fundi aliyepunguza bitana hadi milimita 3 ili gitaa liwe jepesi, kisha akachimba mfereji uleule, anabakiwa na milimita 1.5 tu, na mvuto wa nyuzi sita za chuma hautamhurumia. Ndiyo maana upana wa pindo na wa michirizi huamuliwa kabla bitana haijakatwa, wakati sanduku bado ni mbao tupu mezani.

Husemwa pia kwamba rauta, ile mashine ya umeme ya kuchimba mifereji kwenye mbao, ikiwa na beringi inayofuata ubavu haiwezi kukosea. Beringi hufuata ubavu, ni kweli, lakini kitako cha rauta huegemea uso au mgongo, na viwili hivyo si bapa. Mgongo wa gitaa huvimba kidogo, mara nyingi kama kipande cha tufe lenye nusu kipenyo cha karibu mita 4.5, na rauta inayolazwa juu yake huinama kwa kuufuata mteremko. Kisu huingia kwa mshazari, ukuta wa mfereji huacha kuwa sambamba na ubavu, na baada ya kukwangua utaona pindo lililo nene kiunoni na jembamba panapotanuka. Nimeona kosa hilo kwenye magitaa ya mafundi hodari. Tiba yake ni kuhakikisha kwamba mhimili wa rauta unabaki wima kulingana na ubavu wakati wote, ama kwa kuitundika kwenye reli inayopanda na kushuka huku sanduku likizungushwa chini yake, ama kwa kufunga chini ya kitako kipande chembamba cha mviringo kinachogusa ukingo tu, karibu kabisa na kisu. Asiye na rauta hajapungukiwa. Mafundi wa karne ya 19, akiwemo Antonio de Torres wa Almería nchini Hispania, walifanya kazi yao kabla ya rauta za umeme. Kijiti chenye kisu kidogo kinachokwaruzwa sambamba na ukingo hukata nyuzi kwanza, kisha patasi kali hutoa mbao kidogo kidogo. Ni kazi ya polepole, nami naipenda kuliko ya mashine kwa upande wa uso, kwa sababu kisu hukuonya kabla ya kuharibu.

Rauta haikuonyi. Katika gitaa langu la pili niliizungusha kwa mkupuo mmoja kuanzia mkiani, na nilipofika penye mkunjo wa chini nilisikia mlio kama wa kuvunja kijiti cha ufagio. Kibanzi cha sipresi chenye urefu wa kidole kilikuwa kimeng'oka kutoka usoni. Nilikiokota sakafuni na kukirudisha kwa gundi, na ukilishika gitaa lile kuelekea dirishani bado unauona mshono. Ukingo wa gitaa hubadilisha uhusiano wake na nyuzi za ubao kila unapopinda, hivyo pako mahali kisu hulaza nyuzi na mahali huziinua na kuzing'oa. Kanuni ni kuanzia sehemu pana zaidi za gitaa, ya juu na ya chini, na kwenda kuelekea kiunoni, kisha kuelekea kwenye ncha, ili daima uwe unateremka na nyuzi. Kwa kuwa kisu huzungukia upande mmoja tu, katika baadhi ya sehemu utalazimika kuipeleka rauta upande ambao inataka kukukimbia. Hapo unashika kwa mikono miwili na kukata chini ya milimita moja kwa kila mpito. Kuupaka ukingo shelaki, aina ya vanishi, kabla ya kukata husaidia nyuzi kushikamana.

Mfereji uliokamilika hupimwa kwa kulaza kipande kifupi cha pindo ndani yake. Kinapaswa kuchomoza kwa unene wa karatasi mbili hivi, takriban milimita 0.2, nje na juu. Kikizama, utalazimika kuukwangua ubavu uufuate, na ubavu hauna unene wa kupoteza.

"Ukanda ukilowekwa usiku kucha ndipo hukunjika"

Kinachokunja mbao ni joto, kwani ndilo hulainisha kile kinachoshikanisha nyuzi zake. Maji hulifikisha joto ndani na kuzuia ukanda usiungue. Ukanda wa milimita 2 unatosheka na dakika chache za maji, au hata kupanguswa tu kwa kitambaa kilicholowa, na uliolala majini usiku kucha huvimba, hujikunjakunja kama nguo isiyopigwa pasi, na wakati mwingine hubadilika rangi. Bomba la chuma linalopashwa moto kwa ndani linafaa kabisa, mradi tone la maji likidondokea juu yake liruke na kupotea mara moja. Shikilia ukanda hapo kwa mkazo mdogo usiobadilika na usiusukume. Kwa sekunde kadhaa hukataa, kisha ghafla unauhisi umelegea mkononi kama ukindu mbichi, na huo ndio wakati wa kuuongoza. Anayelazimisha kabla ya hapo huuvunja, na kwa kawaida huuvunja kiunoni.

Mbao nazo hutofautiana. Mvule, ambao mafundi wa magharibi mwa Kenya wanaufahamu vizuri, una nyuzi zinazopishana na mara nyingine chembe ngumu za chokaa ndani yake, kwa hiyo hunyofoka kwenye randa na kuyafanya makali yawe butu. Mpingo ndio chaguo langu: ni mzito kiasi cha kuzama majini, hung'aa kwa kukwanguliwa tu, na ni wa jenasi moja na rozwudi ambazo mafundi wa gitaa duniani wamezitumia kwa muda mrefu. Anayefikiria kuuza mpingo nje ya nchi afahamu kwamba tangu Januari 2017 karibu jenasi hiyo nzima, mpingo ukiwemo, imo katika orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, ingawa ala za muziki zilizokamilika zililegezewa masharti mwaka 2019.

"Plastiki haina matata"

Plastiki hukunjika kwa urahisi na haivunjiki, hilo sipingi. Matata yake huja baada ya miaka. Seluloidi, iliyopendwa sana kwenye magitaa ya zamani, hupoteza kafuri na vimiminika vyake polepole na kusinyaa kwa urefu. Uzungushe uzi kwenye gitaa na kuuvuta, nawe utaona ni wapi unapobanduka kwanza: kiunoni, kwa kuwa hapo ukingo umeingia ndani na uzi unatafuta njia fupi. Ndivyo inavyotokea kwa pindo la seluloidi, na nimeletewa magitaa kadhaa ambayo unaweza kupitisha kadi ya simu kwenye mwanya huo. Mbao, kinyume chake, karibu hazisinyai kwa urefu wa nyuzi zake. Tena gundi nyeupe ya mbao haishiki plastiki, na anayeitumia kwa pindo la namna hiyo atalikuta limebanduka mapema mno.

Kuhusu sauti sitasema mengi. Unene wa uso, taruma zake za ndani, yaani vijiti vya mbao vinavyouimarisha, na upana wa bitana ndivyo vinavyoamua gitaa litalia vipi. Pindo lililokaa vizuri halisikiki, na mpigaji wa omutibo, mtindo wa gitaa wa magharibi mwa Kenya, mwenye masikio makini kuliko yangu hawezi kulitambua akiwa amefumba macho.

"Mianya huzibwa kwa gundi na unga wa mbao"

Unga uliochanganywa na gundi huonekana safi ukiwa mkavu, lakini vanishi ikipita juu yake hugeuka doa jeusi lisilofutika. Mwanya huzuiwa wakati wa kufunga. Mimi hukata tyubu ya baiskeli kuwa kanda ndefu za upana wa vidole viwili, na baada ya kuweka gundi na kulaza pindo kwa hatua za sentimita kumi kumi, hulizungushia gitaa zima mpira huo hadi lifanane na mguu uliofungwa bendeji. Kiunoni huongeza kipande cha mbao kilichochongwa kwa umbo lake ili mpira upate pa kusukuma, maana mpira unaovutwa juu ya bonde hauligusi. Mwanya ukionekana siku ya pili, bado inawezekana kuilainisha gundi kwa joto na kubana upya.

Mwisho huja kukwangua, na hapa wengi hukimbilia msasa. Msasa hula sipresi haraka kuliko mpingo, ukaacha pindo limesimama kama kizingiti na uso umechimbika kando yake. Juu ya hayo, vumbi jeusi hujipenyeza katika mbao nyeupe na kuzitia uchafu, na vanishi yenye spiriti ikipakwa juu ya mpingo huikokota rangi yake hadi kwenye michirizi myeupe. Tumia skrepa, yaani kibamba cha chuma cha kukwangulia, iliyonolewa, ukwangue kutoka kwenye pindo kuelekea nje, ukitoa maganda membamba kama ya kitunguu, na uipake michirizi shelaki nyepesi kwa brashi ndogo kabla kitambaa cha vanishi hakijagusa ukingo.