Kurumbiza wa msituni Kigoma: dhana potofu na ukweli

Kurumbiza, ndege mwenye rangi ya chungwa na mabawa ya kijivu cha bluu, huishi katika misitu minene ya kandokando ya vijito, kama ile ya mabonde ya Gombe mkoani Kigoma. Kwa kuwa husikika mara nyingi na kuonekana kwa nadra, husemwa mengi juu yake yasiyo sahihi.

Dhana: Miti mikubwa ikiachwa, kufyeka vichaka vya chini hakumdhuru ndege.

Ukweli: Hii ndiyo dhana yenye madhara kuliko zote, kwa sababu kurumbiza huyu hana shughuli nyingi juu ya miti mirefu. Mbawakawa, sisimizi, mchwa na matunda madogo anayokula huyatafuta zaidi ardhini na kwenye matawi ya chini. Hurukaruka kidogo juu ya majani makavu, akasimama wima, akainamisha kichwa upande, kisha akapindua jani kwa mdomo na kumnasa mdudu aliyejificha chini yake. Kiota nacho hukiweka chini, ndani ya kisiki chenye uwazi au kwenye ukingo wa udongo. Anayefagia majani hayo na kufyeka vichaka, hata kama hakukata mti hata mmoja, amemnyang'anya ndege huyu chakula, maficho na mahali pa kulea makinda kwa mkupuo mmoja. Na moto wa kiangazi unaowashwa kusafisha shamba, ukipenya hadi pembezoni mwa msitu wa kijito, huleta hasara ileile.

Dhana: Miombo nayo ni msitu, kwa hiyo inamtosha.

Ukweli: Miti mingi ya miombo, iliyotapakaa Tabora na Kigoma, hupukutisha majani kiangazi, jua likafika chini na nyasi zikakauka. Kurumbiza huyu anahitaji kivuli cha mwaka mzima. Hata ndani ya Gombe, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1968, msitu wa kijani hukaa zaidi mabondeni, miombo ikashika miteremko na nyasi zikatawala juu. Makazi yanayomfaa ni membamba kuliko eneo zima linaloonekana kwenye ramani.

Dhana: Sauti nyingi kichakani ni ndege wengi.

Ukweli: Huenda ni mmoja tu. Kurumbiza huyu ni hodari wa kuiga milio ya ndege wengine, na huweza kuiga hata mluzi wa mtu.

Dhana: Ndiye yule anayeimba bustanini alfajiri.

Ukweli: Huyo wa bustanini, mwenye mstari mweupe juu ya jicho, ni spishi nyingine ya kurumbiza inayozoea makazi ya watu. Dume na jike wake huimba kwa kupokezana, kiasi kwamba msikilizaji hudhani ni ndege mmoja.

Dhana: Haonekani kwa sababu amekwisha.

Ukweli: Kimataifa hayumo miongoni mwa spishi zinazotishiwa kutoweka, ingawa anaweza kabisa kutoweka katika bonde moja lililofyekwa. Anayetaka kumwona aende alfajiri au jioni, na awe makini siafu wanapopita, kwani baadhi ya kurumbiza hufuata misafara yao ili kula wadudu wanaokurupuka kuwakimbia.