Kanuni ya maadili dhidi ya ubaguzi katika ofisi za mawakili ni nini?

Nchini Marekani, wakili anayemnyima mtu kazi kwa sababu ya rangi au jinsia yake anaweza kubanwa kwa njia mbili. Akiwa mwajiri, hufikishwa mahakamani na kuamriwa kulipa fidia. Akiwa mwanataaluma, huitwa mbele ya chombo cha nidhamu, ambako hatari si fedha tena bali leseni: anaweza kuonywa, kusimamishwa au kufutwa kabisa kwenye orodha ya mawakili. Kanuni inayofungua njia hii ya pili ndiyo tunayoizungumzia.

Kwa nini sheria ya kazi isitoshe? Sehemu ya 7 ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 humhusu mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi, na ofisi nyingi za uwakili hazifiki hapo. Kubwa nazo zilikuwa na kinga zao. Sandra Day O'Connor alihitimu sheria Stanford mwaka 1952 akiwa miongoni mwa wanafunzi bora, lakini alichoambulia kwenye ofisi binafsi ni nafasi ya ukatibu muhtasi. Mwaka 1984, yeye akiwa tayari jaji wa Mahakama ya Juu, kampuni ya King & Spalding ya Atlanta ilijitetea mbele ya mahakama hiyo kwamba kumpandisha wakili kuwa mbia si suala la ajira, hivyo wakili wake Elizabeth Hishon, aliyenyimwa nafasi hiyo, hana cha kudai. Majaji wote walimpa Hishon haki ya kuendelea na kesi yake.

Ugomvi juu ya kanuni hii ya nidhamu, kwa maoni yangu, haupo kwenye neno ubaguzi. Upo kwenye swali la nani aamue kwanza. California iliweka kanuni yake, namba 2-400, mwaka 1994, ikataja waziwazi kuajiri, kupandisha cheo na kufukuza. Lakini ilitia kifungo kizito: chama cha mawakili cha jimbo, chenye kazi ya nidhamu, kisianze hata uchunguzi mpaka mahakama au baraza lingine lenye mamlaka liwe limekwisha kuthibitisha ubaguzi, na adhabu isitolewe mpaka rufaa ziwe zimemalizika. Kwa kuwa madai mengi ya kazi huishia kwenye suluhu nje ya mahakama, kanuni ilibaki kama mbwa aliyefungwa kamba fupi. Novemba 2018 ilikuja kanuni mpya, 8.4.1, na sharti hilo likaondolewa.

Miaka miwili kabla, Agosti 2016, chama cha kitaifa cha mawakili, ABA, kilipitisha kanuni ya mfano namba 8.4(g). Hii haimfungi mtu mpaka jimbo liipitishe. Inagusa mwenendo wowote unaohusiana na kazi ya uwakili, zikiwemo shughuli za chama na hafla za kijamii, na hapo ndipo waliokuwa kimya walipopaza sauti. Wapinzani waliuliza kama hotuba au mzaha wa mezani utamgharimu mtu leseni. Watetezi walijibu kwamba usumbufu mwingi hutokea hukohuko kwenye hafla. Pennsylvania ilipotunga toleo lake, wakili mmoja alishitaki akitetea uhuru wa maoni. Akashinda mwanzoni, lakini mwaka 2023 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikaona hana msingi wa kushitaki kwa kuwa hakuonyesha hatari ya kweli ya kuadhibiwa.

Hasira hizi hukigusa pia chama chenyewe cha mawakili na misimamo inayochapishwa kwenye jarida lake. ABA ni chama cha hiari, kwa hiyo asiyependa msimamo wa jarida lake anaweza kujitoa. California uanachama wa chama cha mawakili cha jimbo ni lazima kwa anayetaka kufanya uwakili, na aliyechukizwa hana mlango wa kutokea. Ndiyo maana mawakili wa huko walikwenda hadi Mahakama ya Juu katika kesi ya Keller dhidi ya chama hicho, na mwaka 1990 ikaamuliwa kwamba ada za lazima zitumike kwa nidhamu na ubora wa huduma za kisheria, zisigharimie kampeni za kisiasa au kiitikadi ambazo mwanachama hazikubali.