Obama kabla ya Washington: kazi ya seneta wa jimbo la Illinois

Barack Obama alipopanda jukwaani Boston tarehe 27 Julai 2004 na kutoa hotuba iliyomfanya ajulikane hadi Siaya, kaunti ya Kenya alikotoka baba yake, alikuwa bado seneta wa jimbo. Hakuwa seneta wa taifa. Alikuwa mmoja wa maseneta 59 wa Illinois, wanaokutana Springfield, mwendo wa kilomita zipatazo 320 kutoka Chicago. Kiti hicho alikikalia tangu tarehe 8 Januari 1997. Kwa anayetaka kujua mtunga sheria anapata wapi nguvu, mimi huona miaka hiyo inafundisha zaidi kuliko miaka ya Ikulu, kwa sababu pale kila kiungo cha mashine kinaonekana.

Kwanza, seneti ya jimbo si bunge la kaunti. MCA, yaani mjumbe wa bunge la kaunti nchini Kenya, hawezi kutunga sheria ya mauaji. Jimbo la Marekani lina sheria zake za jinai, shule zake, na kodi yake ya mapato. Kwetu, mfano ulio karibu kidogo ni Baraza la Wawakilishi la Zanzibar kwa mambo yasiyo ya Muungano.

Kiti chenyewe kilipatikana kwa karatasi. Mwaka 1995 seneta aliyekuwapo, Alice Palmer, aliamua kugombea Bunge la taifa na akamuunga mkono Obama arithi nafasi yake. Palmer alishindwa kwenye mchujo wa chama wa Novemba 28, kisha akataka kurudi kwenye kiti chake. Kufikia wakati huo siku za kukusanya sahihi za wadhamini zilikuwa zimebaki chache mno. Zilihitajika sahihi halali 757. Aliwasilisha 1,580, na mtu asiyeijua kazi hii angesema zinatosha na kubaki. Hazitoshi. Kila sahihi hulinganishwa na daftari la wapiga kura. Huanguka kama aliyetia sahihi hajaandikishwa, kama anwani haiafikiani na iliyo kwenye daftari, kama anaishi ng'ambo ya mpaka wa eneo, au kama ameandika jina kwa herufi za kuchapa ilhali kwenye kadi yake ametia sahihi ya mwandiko. Timu ya Obama ilikaa kwenye ofisi ya uchaguzi ya Chicago Januari 1996, ikapitia karatasi mstari kwa mstari. Za Palmer zilizopona zilikuwa 561, naye akajiondoa. Wagombea wengine watatu waliondolewa kwa njia hiyo hiyo, na Obama akaingia mchujo wa Machi akiwa peke yake.

Wapo wanaoliona jambo hilo kama ukatili, hasa kwa vile Palmer ndiye aliyemfungulia mlango. Kisheria halina doa. Anayegombea Illinois huambiwa akusanye sahihi mara mbili au tatu ya zinazotakiwa, tena mapema, na kuanzia siku ya kwanza awe na mtu wa kuzikagua.

Miaka sita ya mwanzo ilikuwa ya ukame. Chama chake, Democratic, kilikuwa upande wa walio wachache, na rais wa Seneti, ambaye ndiye kama spika, alikuwa Mrepublican James "Pate" Philip. Katiba ya Illinois inataka mswada usomwe kwa siku tatu tofauti katika kila moja ya mabunge mawili ya jimbo. Hata hivyo, kabla ya kufika kwenye kamati ya kisekta, mswada hupita kwanza Kamati ya Kanuni, inayoshikwa na uongozi wa walio wengi. Huko ndiko miswada ya wachache hulala isiamke. Haipigiwi kura ya kukataliwa; haipangiwi kamati tu, basi, hadi muda wa bunge uishe.

Aliye wachache ana njia moja: atafute mswada ambao upande wa pili nao unauhitaji, aingie kwenye majadiliano. Mwaka 1998 Obama alikuwa mjumbe wa Wademokrati wa Seneti katika kutunga sheria ya maadili ya viongozi, iliyobana zawadi kutoka kwa washawishi, yaani watu wanaolipwa kuwavuta wabunge upande wao, na kukataza fedha za kampeni kutumiwa kwa mambo binafsi. Haikuwa sheria kamili. Wabunge waliokuwa tayari na akiba waliachiwa nafasi ya kuitumia. Pengine bila mwanya huo isingepata kura.

Sasa kitufe cha manjano, ambacho kilimletea maneno mengi baadaye. Mezani pa seneta kuna vitufe vitatu: kijani ndiyo, chekundu hapana, cha manjano "nipo". Obama alikibonyeza cha manjano mara takriban 130 kati ya kura zipatazo 4,000. Wapinzani walisema alikuwa akikwepa. Lakini Illinois hesabu ya kupitisha mswada hufanywa juu ya viti vyote, si juu ya waliohudhuria: lazima zipatikane kura 30 za ndiyo kati ya 59. Kwa hiyo "nipo" inaumiza mswada sawasawa na "hapana". Tofauti ni ujumbe. Seneta anaweza kuitumia kusema nia ni nzuri ila kifungu fulani kitaanguka mahakamani, au chama kinaweza kupanga wote waibonyeze ili mwenzao aliye kwenye eneo gumu asipigwe na mabango ya kampeni. Kwa maoni yangu matumizi ya kwanza yana heshima kuliko ya pili, na Obama alihusika na yote mawili.

Kuna hesabu nyingine ya kuangaliwa. Mswada unaopita baada ya Mei 31 ukitakiwa uanze kutumika mara moja huhitaji theluthi mbili? La, huhitaji tatu kwa tano, yaani kura 36. Desemba 1999 mswada wa kudhibiti silaha uliitishwa katika kikao maalumu na haukuzifikia hizo 36. Obama alikuwa Hawaii na familia yake, binti yake akiumwa. Alikuwa pia katikati ya kampeni ya kumng'oa Bobby Rush, mbunge wa Bunge la taifa, na kutokuwapo kwake kulimgharimu. Machi 2000 Rush alipata asilimia 61, yeye 30.

Kilichobadilisha kila kitu ni ramani ya maeneo ya uchaguzi. Baada ya sensa, tume ya mipaka ya Illinois ikigawanyika nusu kwa nusu, mjumbe wa ziada hupatikana kwa kura ya bahati. Septemba 2001 jina lilichomolewa kutoka kwenye nakala ya kofia ndefu ya Abraham Lincoln, ambaye naye aliwahi kuwa mbunge wa Illinois. Lilitoka jina la Mdemokrati. Ramani mpya ilichorwa, eneo la Obama likavutwa kutoka kusini mwa Chicago hadi kwenye mitaa ya matajiri kandokando ya ziwa, na Januari 2003 Emil Jones wa chama chake akawa rais wa Seneti. Kamati ya Kanuni ikawa mikononi mwa marafiki.

Miswada yake nayo ikapata njia. Sheria ninayoiheshimu kuliko zote ni ya kurekodi mahojiano ya polisi katika kesi za mauaji. Tangu adhabu ya kifo irudishwe Illinois mwaka 1977, watu 12 walikuwa wameuawa kwa sindano, na 13 waliohukumiwa kifo walikuwa wametolewa baada ya kubainika hawakustahili hukumu hiyo. Gavana George Ryan alisimamisha adhabu hiyo Januari 2000. Polisi na waendesha mashtaka waliupinga mswada wa kurekodi mahojiano. Obama akakaa nao kipengele kwa kipengele. Alilogoma kuliachia ni hili: yarekodiwe mahojiano yote kituoni, si ungamo la mwisho peke yake, kwa kuwa kitisho hutangulia ungamo. Walichopata polisi ni muda wa miaka miwili wa kununua vifaa, pamoja na marekebisho ya sheria ya kunasa sauti ili kurekodi kusihitaji ridhaa ya mtuhumiwa. Meno ya sheria yako kwenye ushahidi: maelezo yasiyorekodiwa huchukuliwa kuwa hayapokeleki mahakamani mpaka upande wa mashtaka uthibitishe vinginevyo. Ilipita Seneti kwa kura 58 kwa 0, ikasainiwa Julai 2003, na Illinois ikawa jimbo la kwanza kulazimisha jambo hilo kwa sheria ya bunge.

Mwaka huo huo ikapita sheria ya kuwataka polisi waandike rangi ya kila dereva wanayemsimamisha.

Novemba 2, 2004 Obama alichaguliwa Seneti ya taifa kwa asilimia 70, na siku mbili baadaye akajiuzulu Springfield. Hakukuwa na uchaguzi mdogo. Illinois nafasi kama hiyo hujazwa na viongozi wa chama wa eneo husika, na uzito wa kila mmoja hupimwa kwa kura zilizopigwa kwenye sehemu yake. Walimchagua Kwame Raoul, mwanasheria aliyezaliwa na wahamiaji kutoka Haiti, ambaye tangu 2019 ni mwanasheria mkuu wa jimbo.