Hadithi Unayo, Filamu Bado: Dhana Potofu za Vijana wa Mtwara Kuhusu Uandishi wa Filamu

Kila msimu wa korosho ukiisha, wananijia vijana watatu wanne na neno moja: "Kaka, nina stori ya muvi." Wengi wao ni wasimulizi wa kweli. Wamekulia Newala na Tandahimba, kwa bibi anayejua kuikata hadithi palepale unapotaka aendelee. Hazina hiyo siibezi hata kidogo. Ila wanakuja na imani zinazowachelewesha, nami inaniuma kwa sababu vipaji vipo.

"Anayejua kusimulia anajua kuandika filamu"

Hii ndiyo kubwa kuliko zote. Msimulizi ana sauti yake. Akisema "mzee alikuwa na wasiwasi", tunaelewa na safari inaendelea. Kamera haiwezi kuupiga wasiwasi. Inapiga mkono, jasho, mlango uliofungwa. Nadhani mabanda ya video yalituzoesha vibaya: tulitazama filamu za nje huku mtafsiri akitueleza nani kakasirika na nani anamsaliti nani. Tulimpenda sana yule mtu, lakini kwenye filamu yako hatakuwepo.

Binti mmoja wa Mikindani aliniletea ukurasa ulioanza hivi: "Baba yake Asha anawaza sana, malipo ya korosho hayajaingia na shule zinafunguliwa." Nikamwambia amwache baba awaze, yeye amtazame tu anafanya nini. Baada ya siku mbili akarudi na hiki:

NDANI. SEBULENI – USIKU
Baba amekaa juu ya gunia. Anatoa stakabadhi mfuko wa shati, anaikunjua, anaisogeza kwenye taa, anaikunja. Asha anapita na sare ya shule iliyochanika begani, anaitundika msumarini. Baba anaikunjua tena stakabadhi ileile.

Hakuna aliyefungua mdomo, na kila mtu wa kusini anajua kinachoendelea mle ndani. Hilo neno "tena" ndilo lililonishika. Umbo lenyewe la skripti halina uchawi: mstari wa juu unasema ni ndani au nje, wapi, mchana au usiku, chini yake vitendo kwa wakati uliopo, kisha maneno ya wahusika. Unajifunza kwa juma moja. Kuona kama alivyoona yule binti ndiko kunakotaka miaka.

"Skripti ya nini, waigizaji watajaza wenyewe"

Waigizaji wetu ni hodari wa kujaza, sikatai. Lakini skripti ni hesabu pia. Kwa mpangilio wa kawaida, ukurasa mmoja hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu, kwa hiyo kurasa 12 zinakwambia una dakika kama 12. Zinakwambia sini, yaani vipande vya tukio la mahali na wakati mmoja, ngapi ni za usiku na ngapi zinahitaji mtumbwi, ili zote za mtumbwi uzishuti siku moja. Niliwahi kukodi mtumbwi mara mbili kwa sababu sikuwa nimeandika. Fedha ya mara ya pili ilikuwa ya chakula cha kundi zima.

"Bila kamera kubwa hakuna filamu"

Mwaka 2015, kwenye tamasha la Sundance kule Marekani, Sean Baker alionyesha filamu ndefu aliyoipiga kwa simu za iPhone 5s zilizobandikwa lenzi ya ziada. Picha ya simu watu wanaivumilia. Wasichokivumilia ni sauti mbovu. Mwezi wa Julai, kusi ikivuma, nilishuti wapenzi wawili wakiagana ufukweni Shangani. Nilipofika nyumbani kusikiliza, yule kijana alikuwa akifungua na kufunga mdomo, na upepo ndio uliokuwa ukizungumza. Maiki ndogo ya kubana shatini ingeniokoa. Ukikosa, hamishia sini ndani, zima friji, tundika mapazia mazito.

Na simu haikuondolei kibali. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 ipo, na Bodi ya Filamu ndiyo inayohusika. Vilevile usijiendee tu na kamera kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani, ambayo ni Urithi wa Dunia tangu 1981. Omba ruhusa kwanza.

"Umri umepita, na Dar ni mbali"

Ousmane Sembène wa Senegali, mtoto wa mvuvi, alikuwa kuli bandarini Marseille kabla ya kuwa mwandishi wa riwaya. Alikaribia miaka 40 ndipo akaenda Moscow kusomea filamu, kwa sababu watu wengi wa kwao hawakuweza kusoma vitabu vyake. Anayetaka darasa, TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, ipo Bagamoyo. Ila kuandika unaweza kuanza leo, ukiwa Masasi au Nachingwea.

"Nikiionyesha stori yangu wataniibia"

Sheria yetu ya Hakimiliki ya 1999 hailindi wazo tupu. Wazo la msichana anayekimbia ndoa halina mwenyewe. Kinacholindwa ni namna ulivyolitunga, na ulinzi unaanza pale kazi inapotungwa. Kwa hiyo anayeficha stori kichwani bila kuiandika ndiye asiye na cha kudai.

"Mila ni zetu, tupige tu"

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Jando, unyago na mapiko, ile ngoma ya vinyago ya Wamakonde, vinavutia kamera, lakini ni mambo yenye wenyewe. Anayevaa lipiko, yaani kinyago chenyewe, hatajwi. Ya ndani hayatoki nje, na kuzaliwa hapa hakukupi ruhusa ya kuyauza.

Nilikuwa na sini ya mwali, nikaenda kwa bibi mmoja mwenye mamlaka hayo. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia siku ya kumtoa mwali naruhusiwa, maana kila mtu anaona. Ya ndani, hapana. Usiku ule nikafuta kurasa mbili nilizozipenda sana. Siku ya kushuti tukaweka kamera uani: wamama wanaingia mmoja mmoja na kanga zao, wa mwisho anageuka, anatutazama, anafunga mlango. Ngoma ikaanza ndani. Tukaiacha kamera ikiutazama ule mlango, dakika nzima.