Mti ndani ya sinagogi: nilivyopiga picha Constanța

Kosa langu la kwanza kwenye sinagogi ya Constanța, Romania, lilikuwa ule mti. Naingia tu naukuta umeota katikati ya jumba, paa limeshaporomoka, jua la saa sita linashuka wima, basi nikafyatua kamera kama mwendawazimu, picha mia na ushee, afu usiku nacheki kwenye laptop naona zote ni mti tu. Mti kwenye gofu mbona hata magofu ya Gede, Pwani ya Kenya, ipo kibao. Ungemwonyesha mtu zile picha asingejua kama pale watu walikuwa wanasali.

Mi kazi yangu ni kupiga picha majengo ya zamani, so nilijionea aibu kidogo. Kesho yake nikarudi, safari hii kamera ikabaki begini kwanza.

Hii ni Sinagogi Kuu ya mji wa Constanța, bandari ya Romania kwenye Bahari Nyeusi, ilijengwa kati ya 1910 na 1914 na Wayahudi wa Ashkenazi, yaani wale wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki. Mtu wa Pwani akiona yale matao kwa nje anaweza akadhani ni msikiti, na hajakosea sana, maana zama zile Wayahudi wengi wa Ulaya walipenda kujenga kwa mtindo wa Waarabu wa Andalusia, kukumbuka enzi Wayahudi walipostawi Hispania chini ya Waislamu.

Sasa sinagogi inasomwaje? Tafuta kwanza upande wa kabati la Torati, yaani kabati la kuhifadhia magombo ya maandiko yao. Kwa Ulaya kawaida ni ukuta wa mashariki, kuelekea Yerusalemu, hata kama kabati lenyewe halipo tena utaona pale ukuta umepambwa kuliko kwingine. Ukishaupata, mengine yanajipanga yenyewe: roshani za juu ni za wanawake, chini wanaume. Ndo nikaweka stendi karibu na mlango, lenzi pana, kimo cha macho ya mtu aliyesimama, nikaelekea mashariki. Mti ukasogea pembeni ya fremu, na pembeni ndo pake.

Mwanga ndo ulinitesa. Katikati anga jeupe, chini ya roshani giza totoro. Nilipiga picha tano za sehemu ileile, ISO (unyeti wa kamera kwa mwanga) 100, tundu la lenzi f/8, nikibadilisha kasi ya shata tu, nikaja kuziunganisha nyumbani. Ila usizidishe! Kivuli kibaki kivuli, kuna watu wanaedit gofu mpaka linang'aa kama ukumbi wa harusi.

Na jamani ombeni ruhusa, sinagogi tupu bado ina wenyewe. Vaeni barakoa pia, mavi ya njiwa yakikauka vumbi lake lina fangasi wanaoingia mapafuni. Roshani sikupanda, nilikanyaga ngazi moja ikalia kraa nikashuka kinyumenyume. Ukikuta karatasi za Kiebrania usiziokote wala kuzipanga ili picha ipendeze, maandishi yenye jina la Mungu yakichakaa hayatupwi, yanazikwa makaburini.

Kilichoiua sinagogi hii sio bomu. Kwa Wayahudi wa Orthodoksi, wale wanaoshika mila za zamani, sala ya jamaa inataka wanaume kumi waliotimiza miaka 13, wakiwa tisa haiwi. Sensa ya 1930 ilihesabu Wayahudi zaidi ya 750,000 Romania nzima. Vita vya Pili vya Dunia vikaua laki na malaki, waliopona wengi wakahamia Israeli, tena chini ya Ceaușescu, mtawala wa kikomunisti wa Romania, serikali ilikuwa inalipwa pesa kwa kila kichwa kinachoruhusiwa kuondoka. Hapa sala ziliendelea mpaka miaka ya tisini, afu basi.

Jioni nikashuka kwa mguu mpaka bandarini. Ni bandari hiyohiyo ilipotokea meli Struma, Desemba 1941, imesheheni wakimbizi wa Kiyahudi zaidi ya 700 wanaoelekea Palestina. Februari 1942 ikapigwa torpedo (kombora la chini ya maji) na nyambizi ya Kisovieti, akapona mmoja, David Stoliar. Nilipiga bahari fremu moja tu, haina kitu ndani, maji na mstari wa anga.

Picha ninayoipenda kuliko zote wala sio hiyo. Ni nguzo ya roshani, nimesogea karibu kabisa, rangi imebanduka magamba magamba, na kwenye kimo cha bega kuna sehemu imelainika kama kitasa cha mlango wa zamani. Nikaegemea pale na mimi kidogo, mpaka nikachafua shati.