Ndege wa Maji Ziwa Nakuru: Anza na Mdomo

Mgeni akifika Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru, swali la kwanza huwa ni heroe (flamingo) wako wapi. Picha za zamani, ufuo mzima ukiwa wa waridi, zimemzoesha hivyo. Lakini tangu mwaka 2010 hivi maji ya ziwa yamepanda mno, hata lango kuu la zamani likafunikwa. Maji yakiongezeka, magadi hupungua makali na spirulina, mwani anaoutegemea heroe mdogo, huadimika. Kundi huhamia kwingine, mara nyingi Ziwa Bogoria. Usione safari imeharibika: ziwa hili lina ndege wengine wengi.

Ukitaka kuwatambua, rangi iache kwanza. Tazama mdomo, kisha miguu, maana hapo ndipo utakapojua ndege anakula nini na kina gani kinamfaa. Heroe huingiza kichwa majini kikiwa juu chini, akachuja. Heroe mdogo ana mdomo mwekundu uliokolea karibu kuwa mweusi. Heroe mkubwa ni mrefu zaidi, mdomo wake ni wa waridi hafifu wenye ncha nyeusi, naye hupekua tope akitafuta vijidudu. Ukimwona wa kijivu katikati yao, usidhani ni aina ya tatu: huyo ni kinda aliyekua. Waridi hutokana na chakula, na huchukua muda.

Mwari, yule ndege mkubwa mwenye mfuko chini ya mdomo, ana historia ya kuvutia zaidi, kwa maoni yangu. Zamani ziwa hili halikuwa na samaki. Katika miaka ya 1950 na 1960 waliletwa tilapia wadogo wanaostahimili magadi, ili wale viluwiluwi vya mbu. Samaki wakazaana, mwari wakafuata. Huvua kwa kundi: hujipanga nusu duara, huwasukuma samaki pamoja, kisha hutumbukiza midomo kwa wakati mmoja. Kuzaliana huenda Ziwa Elmenteita, kwa hiyo utawaona wakipaa juu kwa juu wakifuata hewa ya moto inayopanda.

Migunga iliyokufa kwa mafuriko nayo isikupite. Mnandi, ndege wanaozamia samaki, hukaa pale wakianika mabawa, na furukombe mwenye kichwa cheupe huchungulia samaki kutoka matawi ya juu. Akikosa samaki, heroe pia humfaa.

Njoo asubuhi, jua likiwa mgongoni mwako, na ubaki garini isipokuwa mahali paliporuhusiwa, kwani nyati hupenda kupumzika kando ya maji. Usisogeze gari karibu mno hata kundi likaruka. Kuruka bure huwapotezea ndege nguvu wanazohitaji kutafutia chakula.

Oktoba hadi Aprili huja vitwitwi, ndege wa ufuoni, na jamaa zao kutoka Ulaya na Asia, wadogo, wa kahawia, wanaofanana mno. Hao hata wataalamu hubishania. Piga picha ya miguu na mdomo, utafute jina lake ukifika nyumbani.